Tom Mboya: Bwana afya wa Ziwani, kati ya soko na ubepari

Ukishuka matatu pale City Stadium, Jogoo Road, pua inakuambia uko wapi kabla macho hayajaona. Soko la Burma liko hapo kando. Mbuzi wamening'inia, panga linagonga gogo, moshi wa nyama choma unakufuata hadi barabarani. Jina lenyewe lilitoka mbali: ni kumbukumbu ya wanajeshi wa King's African Rifles waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waliporudi, jina likabaki Eastlands.

Sasa simama mbele ya kibanda chochote. Utauliza bei, utatajiwa, utakunja uso, utajifanya unaenda zako, kisha utaitwa urudi. Jirani yake ameshasikia na anakukonyeza, eti kwake ni nafuu. Hakuna anayekushika mkono. Usipoelewana na huyu, unaenda kwa yule. Hilo ndilo soko, na ni kitu cha zamani kuliko benki, kuliko kampuni, kuliko hata shilingi.

Kwenye mitandao utakuta vijana wakibishana usiku kucha. Mmoja anasema ubepari ni mzuri kwa sababu mama mboga anauza kwa uhuru. Mwingine anasema soko huria ni baya kwa sababu kampuni kubwa zinatunyonya. Ukiwasikiliza vizuri, wanagombana kuhusu vitu viwili tofauti wakidhani ni kimoja. Soko huria linahusu nani anaruhusiwa kuingia, na bei inapatikana vipi. Ubepari unahusu nani anamiliki mtaji, na faida inaenda kwa nani. Mara nyingine vinatembea pamoja. Mara nyingine kimoja kinamkaba mwenzake koo.

Kama unataka kuona tofauti hiyo ikiwa na damu na nyama, weka kando vitabu vya uchumi ufuate maisha ya mtu aliyeishi mtaa wa Ziwani, mwendo mfupi tu kutoka Burma. Wewe unamjua kama barabara yenye matatu nyingi na kama sanamu iliyoko Moi Avenue. Aliitwa Thomas Joseph Mboya.

Alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la Mzungu aliyeitwa McMillan, yule ambaye jina lake liko kwenye maktaba kongwe ya katikati ya jiji. Babake, Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka Kisiwa cha Rusinga akitafuta kazi, akapanda hadi kuwa nyapara. Kwa hivyo mtoto huyu wa watu wa ziwani alikua kati ya Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao, na baadaye Nairobi hiyo ikawa silaha kubwa kuliko bunduki.

Litazame vizuri hilo shamba. Lina kila kitu unachokifikiria ukisikia neno ubepari: mwenye mtaji, ardhi kubwa, mashine, vibarua, na zao linalosafirishwa ng'ambo. Lakini soko liko wapi? Kibarua hakuwa huru kuuza jasho lake kwa amtakaye. Serikali ya mkoloni ilimtoza kodi ya kibanda, na kodi ilidaiwa kwa pesa taslimu, ili hata mwenye shamba lake na mbuzi wake alazimike kwenda kutafuta kibarua. Kisha kuanzia karibu 1920 ikamvisha kipande shingoni, karatasi ndani ya kibati, iliyoonyesha anamfanyia nani kazi na analipwa ngapi. Ukiondoka bila mwajiri kutia saini, wewe ni mhalifu.

Walowezi walilalamika mwaka nenda mwaka rudi kwamba wafanyakazi ni haba. Hebu nikuulize wewe unayejua Burma: mbuzi wakiadimika, bei inafanya nini? Inapanda, si ndiyo? Ya vibarua haikupanda. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara kwa thuluthi moja, na hasira ya uamuzi huo ni mojawapo ya mambo yaliyomwinua Harry Thuku. Bei inayoshuka wakati bidhaa ni adimu si bei ya soko. Kuna mtu ameishikilia.

Mboya alisoma katika shule za wamisionari Wakatoliki: Kabaa kule Ukambani, kisha Yala, kisha Mang'u. Alikuwa na kichwa chepesi, ila karo ilikuwa nzito, na babake alikuwa na watoto wengine wa kusomesha. Mwaka 1947 safari ya darasani ikakatika. Mwaka uliofuata akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, na 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Akawa bwana afya.

Wewe unaweza kuiona kazi hiyo ndogo. Muulize mtu yeyote mwenye bucha. Bwana afya ndiye anayekagua maziwa, nyama, maji, choo cha hoteli, na saini yake inaweza kukufungia kazi kabla ya chakula cha mchana. Kijana wa miaka 21 aliyepewa kalamu hiyo aliuona mji kutoka ndani ya jikoni zake. Aliona nani anapewa leseni na nani anafukuzwa na askari wa manispaa. Wachuuzi wa Kiafrika waliopewa leseni walikuwa wachache kwa makusudi; wengine waliuza kwa kujificha, wakikimbia na bidhaa zao. Yaani hii sinema ya kanjo unayoiona leo haikuanza juzi.

Siku moja alikuwa peke yake katika maabara ya baraza. Mwanamke Mzungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama chumba kizima, akamtazama na yeye, kisha akauliza kama kuna mtu. Mboya akamjibu kwamba huenda macho yake yana kasoro. Mama yule alikasirika, akataka kijana aadhibiwe, na kisa hicho Mboya akakisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye katika kitabu chake. Lakini mimi naona kilichomuuma zaidi kilikuwa kwenye bahasha ya mwisho wa mwezi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa karibu moja ya tano ya alicholipwa mkaguzi Mzungu kwa kazi ile ile, maziwa yale yale, kipimo kile kile.

Badala ya kulalamika kichinichini, akaanza kupanga watu. Chama cha wafanyakazi wa Kiafrika wa baraza kilikuwa kama klabu ya chai. Akakigeuza kuwa muungano halisi, Kenya Local Government Workers' Union. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na Juni 1953 chama cha KAU kikapigwa marufuku. Viongozi wa siasa walikuwa gerezani au kizuizini. Mboya akaachana na baraza la jiji mwaka huo huo, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lile lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Alikuwa na miaka 23. Linganisha na ulichokuwa ukifanya wewe ukiwa na 23, halafu tuendelee.

Aprili 24, 1954, Eastlands iliamka ikiwa imezingirwa na wanajeshi. Operesheni Anvil. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapangwa mistari, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Vyama vya wafanyakazi vilipoteza viongozi wengi kwa siku moja. Mboya, Mluo, aliachwa, na shirikisho lake likawa miongoni mwa sauti chache zilizoweza kuuliza hadharani familia zilizoachwa zinakula nini.

Kisha ikaja Mombasa. Machi 1955 maelfu ya wafanyakazi wa bandari waliweka mizigo chini. Katikati ya hali ya hatari, mgomo ungeweza kumalizika kwa risasi. Mboya alishuka pwani, akazungumza na wagomaji, akazungumza na waajiri, akawashawishi watu warudi kazini ili suala lao lipelekwe mbele ya wasuluhishi. Walitoka na nyongeza ya asilimia 33. Habari zikavuka bahari.

Hapa kuna watu wanaosema chama cha wafanyakazi ni adui wa soko huria, kwamba kinaharibu bei. Ukifuata kazi ya Mboya utaona kinyume. Wewe pale Burma una nguvu ya kubishana kwa sababu kuna kibanda cha pili, cha tatu na cha kumi. Kuli wa Mombasa wa 1955 hakuwa na kibanda cha pili. Waajiri walikuwa wachache wanaojuana, yeye alikuwa mmoja kati ya maelfu. Angeenda kubishana peke yake, angeonyeshwa mlango. Muungano ulimfanya awe na uwezo wa kusema sitaki na bado kesho yake awe na kazi. Bila uwezo wa kusema sitaki, hakuna soko. Kuna amri tu iliyovaa nguo za soko.

Si kazi pekee. Hebu rudi kwenye nyama, maana tuko Burma. Mwaka 1950 serikali iliunda Kenya Meat Commission, KMC, ikaipa udhibiti juu ya biashara ya nyama ya ng'ombe ya miji mikubwa. Mfugaji wa Kimaasai hangeweza tu kuswaga ng'ombe wake hadi kwa anayelipa zaidi. Kwa miongo mingi sheria za karantini zilikuwa zimemfungia ndani ya hifadhi, zikilinda mifugo ya walowezi dhidi ya magonjwa na, kwa bahati njema sana kwao, dhidi ya ushindani. Mahindi nayo yaliwekwa chini ya bodi kuanzia 1942, na kwa muda mrefu mlowezi akalipwa bei ya juu kuliko mkulima Mwafrika. Kahawa, sehemu nyingi Mwafrika hakuruhusiwa kuilima kabisa hadi miaka ya hamsini. Hata mkopo ulikuwa na ukuta: sheria ilifanya deni kubwa la Mwafrika lisiweze kudaiwa mahakamani kirahisi, kwa hivyo mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumwamini. Walisema ni kumlinda.

Kwa hiyo Kenya ya mkoloni ilikuwa na ubepari mwingi na soko huria kidogo sana. Mabepari wake waliogopa soko. Waliomba serikali iwajengee ua, na ikawajengea.

Mwanahistoria Mfaransa Fernand Braudel, aliyefariki 1985, alitumia maisha yake kuchunguza jambo hili kwa karne nyingi za Ulaya na dunia. Kwake uchumi ni kama jengo la ghorofa. Chini kabisa kuna maisha ya kila siku, watu wanapika, wanalima, wanashona. Juu yake kuna soko, ambapo bei inaonekana na faida ni ndogo kwa sababu kila mtu anamwona mwenzake. Ubepari uko ghorofa ya juu zaidi, kwenye mapazia, ambapo wachache wenye pesa ndefu na marafiki serikalini hawashindani, bali wanapanga. Wanapenda faida, lakini ushindani hawaupendi. Braudel hakuandika kuhusu Jogoo Road, lakini ukiangalia anayeuza utumbo Burma na anayemiliki ghala la baridi, lori na kichinjio, utaona ngazi anazozungumzia.

Mboya alipanda ngazi zake haraka. Mwaka 1955 alienda chuo cha Ruskin, Oxford, kusomea mahusiano ya kazi, akarudi 1956. Machi 1957 Waafrika walipopiga kura kuchagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, akashinda kiti cha Nairobi. Desemba 1958 akaongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, akiwa na miaka 28. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilimpa dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho, na ndilo jumba la Solidarity ambalo COTU wanalitumia hadi leo pale Digo Road. Wapinzani wake hawakumsamehe pesa hizo. Walimwita kibaraka wa Wamarekani mpaka anaingia kaburini.

Kutoka Marekani alileta pia ndege. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kwenda vyuo vya huko, kwa michango ya watu kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na kati ya waliofaidika akawemo msichana wa Nyeri anayeitwa Wangari, ambaye ulimwengu ungemjua kama Wangari Maathai. Serikali ya mkoloni ilisema vyuo hivyo ni vya hali ya chini. Mboya alielewa walichoogopa. Vyeti navyo vilikuwa na ua wake, na yeye alikuwa ametoboa shimo.

Mpaka hapo Mboya ni mtu wa kufungua milango. Mfanyakazi aweze kubishana bei. Mkulima aweze kulima anachotaka. Kijana aweze kusoma. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake iliyo rahisi kupenda. Ile inayofuata ina ubishi, na wewe uamue mwenyewe.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mbunge wa Nairobi Central, jimbo lililokuja kuitwa Kamukunji, alikuwa Mboya. Alikuwa ameshakuwa waziri wa leba, akawa wa sheria, na mwisho wa 1964 akapewa Wizara ya Mipango ya Uchumi. Nchi ilitaka kujua inaelekea wapi. Jibu likatoka mwaka 1965, Sessional Paper Nambari 10, waraka wa ujamaa wa Kiafrika, ambao Mboya aliusimamia akisaidiwa na kina Mwai Kibaki.

Jina lilikuwa ujamaa. Ndani ulikuwa kitu kingine. Waraka uliwakataa Marx na ubepari wa kila mtu na lwake, vyote viwili. Ulisema mali ya mtu binafsi italindwa, mtaji wa nje utakaribishwa, na serikali itakuwa mwamuzi atakayezuia wachache wasijilimbikizie. Tayari Desemba 1964 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kulinda wawekezaji wa kigeni. Na kuhusu pesa za maendeleo, waraka uliamua zipelekwe kwanza pale zitakapozaa haraka: penye mvua, reli, barabara na watu wenye ujuzi. Kwingine kungengoja matunda yafike.

Sasa fikiria nani alikuwa na reli na barabara mwaka 1965. Ni maeneo yale yale ambayo mkoloni alikuwa ameyajenga. Wewe ukiwa umetoka Turkana au Mandera, waraka huo ndio uliokuambia subiri.

Hoja ya Mboya haikuwa ya kipumbavu, na ni vizuri uisikie kabla hujamhukumu. Nchi haikuwa na akiba. Ukimnyang'anya mwenye kiwanda, kesho huna kiwanda wala mkopo, na vijana wanamiminika Nairobi wakitaka kazi leo. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Alijua mshahara unatoka kwenye kazi iliyopo, si hotuba. Aliamini mlango ukifunguliwa na shule zikiwepo, Mwafrika atashindana na atashinda. Kwa nini asiamini? Yeye mwenyewe alikuwa ushahidi.

Waliompinga waliona shimo katikati ya hoja hiyo. Bildad Kaggia alikuwa ameshatoka serikalini 1964 kwa sababu ya ardhi: watu waliopigania mashamba walikuwa wanaambiwa wayanunue. Pio Gama Pinto, aliyekuwa akipanga upinzani dhidi ya mwelekeo huo bungeni, aliuawa kwa risasi Nairobi Februari 24, 1965, kabla waraka haujatoka. Jaramogi Oginga Odinga naye, ambaye watu humwita mkomunisti, alikuwa ameanza kama mfanyabiashara. Aliunda kampuni ya Luo Thrift and Trading miaka ya arobaini kwa hisa za watu wadogo wadogo. Alilijua soko kwa mikono yake. Alichokataa ni mtaji mkubwa kukaa ulipokuwa na kubadilisha tu rangi ya wanaokula nao. Na Julai 1965 mchumi kijana aitwaye Barack Obama, babake yule wa Ikulu ya Marekani, aliandika makala akiuliza itakuwaje wachache waendelee kushika uchumi huku waraka ukiita hali hiyo ujamaa. Alikuwa rafiki wa Mboya, lakini hakumwonea haya.

Mimi naona ubishi wao ulikuwa huu hasa: Mboya alidhani kufungua soko kutarekebisha umiliki polepole. Wenzake walidhani usiporekebisha umiliki kwanza, mwenye mtaji atakuja kulifunga soko tena.

Haikuchukua muda kuona. Machi 1966 mkutano wa KANU wa Limuru, ambao Mboya aliupanga kwa ufundi wake wote, ulimmaliza Odinga chamani, naye akaunda KPU. Mwaka 1965 serikali ilikuwa imeunda Kenya National Trading Corporation kushika usambazaji wa bidhaa fulani na kuwapa mawakala Waafrika. Mwaka 1967 ikaja sheria ya leseni za biashara, iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara katika maeneo fulani. Mwaka 1968 maelfu ya Wahindi wenye pasi za Uingereza wakafunga maduka wakaondoka.

Je, hilo lilikuwa ni kufungua soko au kulifunga? Jibu langu ni vyote viwili. Mwafrika aliyezuiwa kwa miaka 60 alipata nafasi, na hilo ni haki. Lakini nafasi ilikuja kwa barua, na barua ilitoka ofisini. Anayejulikana ofisini alipata uwakala, anayeuza matumbo Burma hakupata. Ua wa mlowezi haukung'olewa. Ulihamishwa tu, ukazungushiwa watu wengine. Ukitaka kujua kwa nini neno tenda linachekesha na kuuma kwa wakati mmoja nchini Kenya, anzia hapo. Mboya hakuwa ndiye aliyegawa barua zile, na hakujulikana kama mlimbikizaji wa mashamba. Lakini waraka wake ulimpa mwamuzi filimbi bila kuuliza kama mwamuzi naye anacheza kwenye timu mojawapo.

Jumamosi, Julai 5, 1969, muda wa saa saba mchana, alitoka katika duka la dawa la Chhani, Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipigwa risasi mlangoni. Alikuwa na miaka 38, ameacha mke, Pamela, na watoto wadogo. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akapatikana na hatia, akanyongwa. Nani alikuwa nyuma yake halijaelezwa na mahakama yoyote. Mji ulilipuka. Eastlands iliyomchagua Mboya akiongea lugha zake zote ikaanza kuhesabiana kwa makabila, na jeraha hilo wazazi wako au babu zako wanaweza kukueleza. Alizikwa Rusinga.

Miaka mitatu baadaye, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilituma ujumbe wa wataalamu kuchunguza ajira Kenya. Walitembea kwenye mitaa ya aina ya Burma na Gikomba, na ripoti yao ndiyo iliyoeneza duniani jina la sekta isiyo rasmi. Walichokuta hakikuwa watu wavivu wanaongoja kazi. Walikuta mafundi na wachuuzi wanaoshindana kwa bei, wanaotumia vifaa vya hapa hapa, wasio na mkopo, wasio na leseni, wanaobomolewa vibanda. Yaani soko huria lenyewe lilikuwa pale, likikimbizwa na askari, wakati kampuni kubwa zilizokingwa dhidi ya ushindani ndizo zilizoitwa sekta ya kisasa. Ujumbe ulishauri leseni zisizo na kazi zifutwe na ubomoaji upungue.

Serikali ilijibu mwaka 1973 kwa waraka wa ajira. Nambari yake, kwa sadfa tu, ilikuwa tena 10.